Maneno ya Mshenga: Jalada la Nyuma na Msomaji Wake

Hotuba kwa mkutano wa wasomaji, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wachapishaji wenzangu, na ninyi wasomaji mlioacha shughuli zenu za Jumamosi kuja kusikiliza habari za vitabu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nianze kwa kukiri. Kwa miaka ishirini na ushei nimekuwa mhariri, na katika kazi hiyo nimeandika maneno ya jalada la nyuma ya vitabu vingi kuliko ninavyoweza kuvikumbuka. Vingine nilivisoma mara tatu, vingine mara moja, na kimoja, Mungu anisamehe, nilikiandikia sifa nikiwa nimefika sura ya nne tu, kwa sababu kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinasubiri na mwandishi mwenyewe alikuwa safarini. Kitabu kile kiliuzwa. Mpaka leo hajatokea msomaji wa kuniuliza kwa nini jalada linasifu "mwisho usiotarajiwa". Haukutarajiwa hata na mimi.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa katika duka moja la vitabu hapa mjini, nikijifanya natafuta kamusi, na nikamwona dada mmoja, labda wa miaka thelathini, akivuta riwaya kutoka rafuni. Alilitazama jalada la mbele, akapitisha kidole gumba juu ya herufi za jina zilizoinuliwa, akakigeuza. Alisoma midomo ikimchezacheza. Alipofika chini akakwama: kibandiko cha bei kilikuwa kimebandikwa juu ya sentensi ya mwisho. Akajaribu kukibandua kwa ukucha, pembe moja ikakubali, nyingine zikagoma. Akakirudisha kitabu mahali pake na kuchukua cha jirani. Tukio zima halikufika dakika moja, na katika dakika hiyo kazi ya mwandishi, ambayo najua ilimchukua miaka mitano, ilikuwa imekwisha kupimwa na kukataliwa bila kufunuliwa ukurasa hata mmoja. Nitarudi kwa dada huyu na kibandiko chake.

Tuna methali tunayoipenda, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa machungwa huenda ni kweli, maana chungwa unaweza kulibonyeza, kulinusa na, muuzaji akiwa mkarimu, kuonjeshwa kipande. Kitabu hakionjeki namna hiyo. Uzuri wake umo ndani ya saa nane au kumi za kusoma ambazo mnunuzi hajazitoa bado, na anapozitoa fedha yake imekwisha kwenda. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kushika kitu kingine kinachomwahidi yaliyomo, yaani jina la mwandishi, picha, nishani, idadi ya nakala zilizouzwa, au sentensi mbili za mtu anayemheshimu. Katika soko la vitabu kila kitu hujitembeza, kizuri na kibaya, na kile tunachodhani kimejiuza mara nyingi kimetembezwa na mtu ambaye hatukumwona.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa mwaka 2013. Mwezi Aprili mwaka huo ilitoka nchini Uingereza riwaya ya upelelezi ya mtu aliyeitwa Robert Galbraith, ambaye jalada lilimtambulisha kuwa aliwahi kuwa askari. Wahakiki waliipokea vizuri na waandishi wenzake waliisifu, lakini nakala za jalada gumu zilizouzwa humo nchini kabla ya katikati ya Julai zilikuwa kiasi cha 1,500. Ndipo gazeti la Sunday Times lilipofichua kwamba Galbraith ni J. K. Rowling, mwandishi wa vitabu mashuhuri vya Harry Potter. Katika siku chache riwaya ile ilipanda hadi nafasi ya kwanza katika mauzo ya Amazon, na ikabidi ipigwe chapa upya kwa maelfu. Ndani yake halikuwa limebadilika neno lolote. Mpelelezi alikuwa yuleyule, maiti ileile, na sifa za jaladani zilezile. Kama kizuri kingekuwa kinajiuza, kingejiuza Aprili.

Tusiwacheke Waingereza, kwa sababu sisi tulifanya vivyo hivyo, tena kwa mtu wa nyumbani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa ameandika riwaya kumi tangu mwaka 1987, na mojawapo, Paradise, iliingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994. Tarehe 7 Oktoba 2021 alitangaziwa Nobeli ya Fasihi, na kuanzia jioni ile simu yangu haikupumzika, watu wakiniuliza vitabu vyake vinapatikana wapi, wakiwamo walimu wa fasihi ambao kwa adabu sikuwauliza walikuwa wapi miaka yote hiyo. Riwaya ile ya 1994 ilikuja kusomwa kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Hadithi inayopitia katika pwani yetu ilisubiri miaka 28 ipate lugha ya pwani hiyo, na kilichoivusha mwishoni, kwa maoni yangu, ni sifa fupi kutoka Stockholm. Nobeli ni maneno ya jaladani pia, ila huyu mshenga amevaa suti nzuri zaidi.

Nimetumia neno mshenga, na sikuliteua kwa utani. Kiingereza kina neno lake kwa sifa hizi za jaladani, blurb, lililozaliwa mwaka 1907 katika karamu ya wauza vitabu wa Marekani, pale mcheshi Gelett Burgess alipogawa nakala za kitabu chake zenye jalada la picha ya mwanamke aliyemwita Bibi Belinda Blurb, mkono mdomoni, akikinadi kitabu kwa kelele. Sisi hatuna neno moja lililokubalika. Tunasema maneno ya nyuma ya kitabu. Lakini mtu mwenyewe tunaye siku nyingi. Mshenga hutumwa na upande mmoja. Huja na maneno matamu, hujua la kusema na la kunyamazia, na hakuna anayemwita mwongo, kwa sababu wazee wanaompokea wanajua vizuri ametumwa na nani. Humkaribisha, humpa kahawa, humsikiliza mpaka mwisho. Akishaaga, hutuma mtu wao akaulize mtaani. Tatizo la msomaji wa leo ni kwamba amemkaribisha mshenga, amempa kahawa, na siku hiyohiyo amemwoza binti.

Ushenga huu una historia ndefu, na si ya kujivunia sana. Mwaka 1855 Walt Whitman, mshairi wa Marekani ambaye wakati huo hakuwa na jina, alichapisha diwani yake kwa gharama zake na kumpelekea Ralph Waldo Emerson, mwanafikra aliyeheshimika kuliko karibu wote nchini mwake. Emerson akajibu kwa barua ya faragha yenye sifa nyingi, akimwambia kwamba anamsalimu mwanzoni mwa kazi kubwa. Whitman, bila kuomba ruhusa, akaitoa barua ile gazetini, na mwaka 1856, alipotoa chapa ya pili, akaichukua sentensi ile ya salamu na kuitia kwa herufi za dhahabu kwenye mgongo wa kitabu, jina la Emerson likifuatia chini yake. Zaidi ya hayo aliandika mwenyewe tahakiki za kuisifu diwani yake na kuzichapisha bila kutia jina. Nakumbusha haya kwa wale wanaodhani kwamba kujipigia debe kwa jina bandia kumeletwa na intaneti. Mwaka 2012 mwandishi mmoja wa Uingereza wa riwaya za upelelezi alipobainika kuwa amejipa sifa kwenye Amazon kwa majina ya kubuni, na kukiri, alikuwa anafuata nyayo za miaka zaidi ya 150.

Mimi pia nimewahi kuwa Emerson, katika kipimo changu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita mchapishaji mmoja, ambaye simtaji, aliniomba nisome muswada na kutoa maoni mafupi. Niliandika hivi: "Hii ingekuwa riwaya ya kusisimua kuliko zote za mwaka huu, lau mwandishi angeipunguza theluthi moja." Kitabu kilipotoka, jina langu lilikuwa chini ya maneno "Riwaya ya kusisimua kuliko zote za mwaka huu", na theluthi ile ilikuwa imo yote. Angalieni jinsi kisu kilivyopita. Kiswahili kina kinga yake dhidi ya udanganyifu wa aina hii, maana sharti tunaliweka tumboni mwa kitenzi, na huwezi kulitoa -nge- peke yake ukaacha kitenzi kikiwa na maana ile uliyoitaka. Aliyeikata sentensi yangu alilijua hilo vema, kwa hiyo hakuhangaika na -nge-. Alikiondoa kitenzi chote.

Mtu akivisoma vitabu vyetu upande wa nyuma kwa muda mrefu kama nilivyovisoma mimi, hujifunza lahaja nzima ambayo haizungumzwi popote isipokuwa hapo. Humo kila mwandishi ni mahiri, na asipokuwa mahiri ni chipukizi. Kila kitabu kimesheheni. Kila hadithi inasisimua, inaelimisha na kuburudisha, kwa utaratibu huohuo, kana kwamba ni dawa ya kunywewa kutwa mara tatu. "Kimekuja wakati mwafaka" mara nyingi humaanisha kwamba kilikaa kwa mchapishaji miaka minne. "Lugha nyepesi" sikumbuki kuiona kwenye kitabu ambacho lugha yake mwandishi aliihangaikia. Nasema haya bila kumwonea mtu, kwa kuwa nusu ya maneno hayo ni yangu. Huandikwa hivyo kwa sababu huandikwa mwishoni, siku jalada linapokwenda kuchapwa, na mhariri aliyechoka ambaye hana chochote cha kupoteza akitumia maneno yaliyokwisha kutumika.

Lakini sentensi ninayotaka tuitazame kwa karibu ni ile inayofunga karibu kila jalada la nyuma katika nchi zetu: kitabu hiki kitawafaa wanafunzi wa shule za sekondari, vyuo, na wasomaji wote kwa jumla. Inaonekana ya adabu, ya kumkaribisha kila mtu. Kwa hakika inasema wazi mshenga ametumwa kwa nani. Sehemu kubwa ya fedha ya uchapishaji katika Afrika Mashariki hutoka shuleni. Kenya ina orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, orodha inayojulikana kwa watu wa vitabu kwa rangi yake ya chungwa; Tanzania ina ithibati ya Taasisi ya Elimu. Riwaya au tamthilia ikiteuliwa kutahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, ambao mwaka 2023 ulikuwa na watahiniwa karibu laki tisa, mwandishi wake anaweza kujenga nyumba. Siku ikitolewa kwenye orodha, hulala ghalani kana kwamba imeharibika usiku ule. Hakuna tangazo, picha wala sifa ya profesa inayoweza kushindana na mhuri huo. Kwa hiyo sisi wahariri tumejifunza kuandika jalada la nyuma kwa ajili ya msomaji mmoja tu, naye ni mjumbe wa kamati ya uteuzi. Tunamhakikishia kwamba kitabu kina maadili, kina mafunzo, kinamulika maovu ya jamii, wala hakina jambo la kumwaibisha mwalimu mbele ya darasa. Mtu mzima aliyetoka kazini na anayetaka hadithi ya kumfanya akeshe hana lake hapo. Anageuza kitabu, anaambiwa kwamba ni cha mwanafunzi, anakirudisha. Kisha tunakutana kwenye makongamano na kulalamika kwamba Waswahili hawasomi baada ya kumaliza shule.

Nilipokuwa kijana tulisoma visa vya Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, katika nakala ambazo hazikuwa na jalada la mbele wala la nyuma, kwa kuwa vilikuwa vimepita mikono thelathini kabla ya kutufikia. Ushenga wote ulikuwa wa mdomo: mtu anakukabidhi furushi la kurasa zilizoshonwa kwa uzi na kukwambia ukirudishe Jumatatu, kuna watu wanakingoja. Kule kungojwa ndiko kulikotutia hamu. Nadhani hata leo jambo hili halijabadilika sana, ila foleni ile sasa inahesabiwa kwa nyota na kwa idadi ya waliotazama video ya dakika moja.

Nguvu ya foleni imepimwa. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walitoa matokeo ya jaribio walilowashirikisha watu zaidi ya 14,000 kwenye intaneti. Waliwawekea nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi walichagua bila kujua wengine wamechagua nini, na wengine, waliogawanywa katika makundi mbalimbali, waliona idadi ya watu wa kundi lao waliokwisha kuupakua kila wimbo. Katika makundi yaliyoona idadi, nyimbo zilizopendwa zilipendwa zaidi na zilizoachwa ziliachwa zaidi, na wimbo ulioongoza katika kundi moja haukuwa lazima uongoze katika jingine. Nyimbo nzuri kabisa zilishika mkia kwa nadra, na mbovu kabisa ziliongoza kwa nadra. Zilizokuwa katikati ziliweza kuishia popote. Hizo ni nyimbo za dakika chache, ambazo mtu anaweza kuzisikiliza kabla hajaamua. Kitabu, kisichosikilizika, kinaitegemea foleni zaidi. Ndiyo maana kuna wanaoinunua foleni yenyewe: mwaka 2017 gazeti la New York Times liliiondoa riwaya moja ya vijana kileleni mwa orodha yake ya vitabu vinavyouzwa sana, baada ya kudhihirika kwamba nakala zilikuwa zimeagizwa kwa mafungu makubwa. Meza ya mbele ya duka kubwa huko Marekani na Uingereza nayo, ile tunayodhani imepangwa na muuzaji mpenda vitabu, kwa miaka mingi ilikuwa ikilipiwa na wachapishaji.

Hata hivyo, kosa kubwa la ushenga si kuuza kitabu kibaya. Ni kukipeleka kitabu kizuri kwa mtu asiyekuwa wake. Balázs Kovács na Amanda Sharkey, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, walizilinganisha alama za wasomaji kwa vitabu 64 vya Kiingereza vilivyoshinda tuzo au kufika fainali bila kushinda, wakakuta kwamba vilivyoshinda vilipewa alama za chini zaidi baada ya kushinda. Sababu waliyoiona inaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kwenda arusini kwa kufuata umati: tuzo ilikuwa imewaleta wasomaji wengi ambao bila tuzo wasingekichagua kitabu kile, kwa kuwa si cha hulka yao, nao wakakiadhibu kwa kutokuwa kile walichokidhania. Nimewaona watu wa namna hiyo hapa kwetu baada ya Oktoba 2021. Walitarajia Nobeli iwe na kishindo, wakamkuta mwandishi anayesema kwa sauti ya chini, wakasema amewachosha.

Mwezi Januari 2025 Sean Manning, mkuu wa tawi lenye jina la kampuni yenyewe katika Simon & Schuster ya Marekani, alitangaza kwamba hatawataka tena waandishi wake kutafuta sifa za kuweka jaladani. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi hiyo inawamalizia watu muda na kuwapa tuzo wenye marafiki badala ya wenye kipaji. Katika hili la marafiki sina la kumpinga. Dibaji zetu nyingi zimeandikwa na profesa aliyemfundisha mwandishi, na wakati mwingine aliyemsimamia tasnifu. Lakini kampuni yenye karne nzima ya jina inaweza kumtoa mwandishi mpya bila mshenga, kwa sababu jina lake ndilo mshenga. Mwandishi wa Tanga au wa Kakamega aliyechapisha nakala mia tano kwa akiba yake ya chama hana jina hilo. Kwake sentensi mbili za mtu mwaminifu ndizo nauli. Ninachotaka kwetu ni mshenga ajitambulishe. Kama aliyesifu alikuwa mwalimu wa mwandishi, aseme. Kama mhariri hajakimaliza kitabu, asikiandikie. Na ile sentensi ya wanafunzi na vyuo tuipeleke kwenye barua ya maombi kwa kamati, ambako ndiko kwake, jaladani tumwambie msomaji hadithi inamhusu nani, inatokea wapi, na kuna shida gani.

Mimi mwenyewe ninapokuwa mnunuzi hupita juu ya sifa zote na kutafuta nomino. Jalada likinitajia kisima, mjane, treni ya Kigoma, deni la shilingi elfu sita, nalisogeza karibu na macho. Likinitajia ufundi, umahiri na msisimko, najiuliza kama maneno hayo yangeweza kuhamishiwa kitabu cha jirani bila mtu kugundua, na yakiweza nafungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza, kwa maana wa kwanza nao huwa umepambwa kwa wageni.

Yule dada aliondoka na kitabu cha jirani; nilimwona akilipa. Alipotoka nikaenda rafuni, nikakichukua alichokiacha. Nilikuwa nimekitambua tangu mwanzo, kwa sababu nilikihariri mimi, na ni riwaya ya mke anayerudi kwao baada ya ndoa ya miaka kumi na mbili, riwaya ambayo ningempa mwanamke wa rika lake bila kusita. Nikamalizia kukibandua kibandiko cha bei, taratibu, nisichane karatasi. Chini yake palikuwa na maneno haya, kwa mkono wangu mwenyewe: "Kitawafaa sana wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo." Nikakibandika tena palepale, nikakikandamiza kwa kidole, nikakigeuza kitabu jalada la mbele lionekane.

Asanteni kwa kunisikiliza.